Kuchagua na kutumia kipokezi cha GPS kwa saa sahihi ya kompyuta: mwongozo kamili

Saa ya kompyuta ikiachwa peke yake hupotea. Ndani yake kuna fuwele ndogo ya kwatzi inayotetema, na kompyuta huhesabu mitetemo hiyo. Fuwele ikikosea sehemu 10 tu katika milioni, saa inapotea sekunde 0.86 kwa siku, yaani karibu sekunde 26 kwa mwezi. Joto la chumba likipanda au kushuka, kosa nalo linabadilika, kwa hiyo huwezi kulipima mara moja ukamaliza.

Dawa ya kawaida ni NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao iliyoasisiwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware. Kwa watu wengi inatosha kabisa. Ila NTP ina udhaifu mmoja usioondoka: inachukulia kwamba ujumbe unatumia muda uleule kwenda na kurudi. Kama kwenda ni milisekunde 10 na kurudi ni milisekunde 30, saa yako itakosea milisekunde 10, na kosa hilo hutaliona popote kwenye takwimu za programu. Hata ukipima mara elfu moja na kutafuta wastani, litabaki palepale.

GPS inaondoa tatizo hilo kwa sababu kila satelaiti yake imebeba saa za atomiki, na mawimbi yake yanakufikia moja kwa moja kutoka angani bila kupita kwenye ruta ya mtu yeyote. Kipokezi chenyewe siku hizi ni kitu cha bei nafuu. Tatizo ni kwamba wengi hununua kifaa kizuri halafu wakakiunganisha kwa njia inayotupa usahihi wote. Msimamo wangu katika mwongozo huu mzima ni huu: usahihi unaamuliwa na waya unaoleta mpigo kwenye kompyuta na mahali ulipoweka antena, kabla haujaamuliwa na jina la chipu.

Jiulize kwanza unataka usahihi gani

Kama milisekunde chache zinakutosha, na mtandao wako hauyumbi, baki na NTP. Weka seva nne au zaidi kwenye mipangilio, na mwongozo huu hauhitaji kukugharimu chochote.

Kipokezi cha GPS kina maana pale unapohitaji mikrosekunde: kupanga matukio ya mashine nyingi kwa mfuatano wa kweli, kurekodi vipimo vya mitetemo ya ardhi au ya redio, kuendesha vifaa vya utangazaji, au kupima ucheleweshaji wa mtandao wa upande mmoja. Kina maana pia pale ambapo mtandao haupo kabisa, au upo lakini hauruhusiwi kugusa mashine zako. Ukitaka nanosekunde, hapo umeingia katika daraja jingine la vifaa, na kompyuta ya kawaida ndiyo itakayokuangusha mapema kuliko kipokezi.

Elewa vitu viwili vinavyotoka kwenye kipokezi

Kipokezi cha GPS hutoa taarifa za saa kwa njia mbili, na asiyezitofautisha hatafika.

Njia ya kwanza ni maandishi, mara nyingi katika mfumo wa NMEA. Kila sekunde kipokezi hutuma mistari kama huu:

```
$GPRMC,093015.00,A,...
```

Hapo inasema ni saa 09:30:15 kwa UTC, yaani saa rasmi ya dunia, na herufi A inamaanisha taarifa ni halali. Ukiona V, kipokezi bado hakijapata mahali kilipo. Tatizo la maandishi haya ni kwamba yanachelewa, tena kwa kiasi kinachobadilika. Kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, lango la siriali hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Mstari mmoja wa herufi 70 unachukua milisekunde 73 kumalizika kusomwa. Kama kabla yake kuna mistari ya GSV inayoorodhesha satelaiti, na idadi ya satelaiti zinazoonekana imeongezeka, mstari wako wa saa utachelewa zaidi kuliko ulivyochelewa dakika iliyopita. Ongeza na muda ambao kipokezi kinatumia kupiga hesabu zake kabla ya kuanza kutuma. Mwisho wa yote una saa inayoyumba kwa makumi ya milisekunde, na NTP ya mtandaoni inaishinda.

Njia ya pili ni mpigo, unaojulikana kwa jina la PPS. Ni pini moja tu ambayo volti yake hupanda mara moja kila sekunde, sekunde inapoanza. Hauna maandishi wala namba. Fikiria mtu anayepiga kofi kila sekunde inapoanza, na mwenzake mwenye kusitasita anayekutajia baadaye ilikuwa saa ngapi. Kofi linakupa wakati wenyewe. Maneno yanakusaidia tu kujua kofi lile lilikuwa la sekunde ipi. Kwa hiyo maneno yanaruhusiwa kuchelewa, ilimradi yasichelewe kufikia nusu sekunde, maana hapo programu itaanza kulihesabu kofi la sekunde hii kuwa la sekunde nyingine.

Kuchagua kipokezi

Sharti la kwanza, na halina mjadala: kiwe na pini ya PPS inayofikika. Vipokezi vingi vya USB vinavyouzwa kwa ajili ya ramani havina. Vinaweza kukuonyesha barabara vizuri sana na bado visifae kitu kwa saa. Usinunue kwa kuangalia picha. Soma maelezo ya kifaa na utafute pini iliyoandikwa PPS, 1PPS au TIMEPULSE.

Hata USB yenye PPS ndani yake ina kikomo. Kifaa cha USB hakiwezi kuikatiza kompyuta kinapotaka, kinangoja kuulizwa. Katika USB ya mwendo wa kawaida, ambayo ndiyo vipokezi vingi hutumia, kuulizwa huko ni kila milisekunde 1, na katika ile ya mwendo wa kasi ni kila mikrosekunde 125. Mpigo ulioondoka kwenye chipu ukiwa na usahihi wa nanosekunde unafika ukiwa umepakwa milisekunde nzima. Kama huna njia nyingine, itumie, lakini jua unachopata.

Kwa anayeanza, moduli ndogo za familia ya NEO kutoka kampuni ya u-blox zinatosha. NEO-6M ni ya zamani, ila mtengenezaji wake anaitaja kuwa na usahihi wa mpigo wa nanosekunde 30 kwa wastani wa takwimu, na 60 kwa asilimia 99 ya mipigo. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inachukua mikrosekunde kadhaa kuutambua mpigo huo. Kwa hiyo hata kipokezi hiki cha chini kinazidi uwezo wa kompyuta mara nyingi, na pesa ya ziada kwenye chipu haitaonekana popote kwenye matokeo. Pesa hiyo ningekushauri uiweke kwenye antena. Angalia tu usiuziwe bandia: chipu za kuiga zenye jina la u-blox ni nyingi sokoni, na baadhi hukataa mipangilio au husahau kila unapozima.

Garmin GPS 18x LVC ni chaguo jingine linalojulikana sana kwa kazi hii. Antena na kipokezi viko ndani ya kichwa kimoja kisichoingiza maji, na waya wake una mstari wa mpigo. Kinafaa ukitaka kitu cha kuweka nje juu ya paa bila kujenga kasha mwenyewe.

Halafu kuna vipokezi vilivyotengenezwa mahususi kwa saa, kama NEO-M8T, LEA-M8T na ZED-F9T. Tofauti yao inahitaji kuelezwa. Kipokezi cha kawaida hutafuta vitu vinne kwa pamoja: latitudo, longitudo, kimo na saa. Ndiyo maana kinahitaji angalau satelaiti nne. Kipokezi cha saa kinaweza kujipima mahali kilipo kwa muda mrefu, kikahifadhi jibu, kisha kikaacha kabisa kutafuta mahali. Kuanzia hapo kinachobaki kutafutwa ni saa tu, na satelaiti moja inatosha kuendelea. Kama antena yako iko dirishani na inaona kipande tu cha anga, hili ni jambo kubwa kuliko nanosekunde zozote zilizoandikwa kwenye karatasi. Familia ya T hutoa pia taarifa ya kosa la kila mpigo: chipu inaweza kupiga tu kwenye mdundo wa saa yake ya ndani, kwa hiyo mpigo hutangulia au kuchelewa kwa nanosekunde chache, na ujumbe wa TIM-TP unakuambia ni ngapi. Faida hiyo inahitaji kifaa cha kupimia kilicho bora kuliko kompyuta.

Kipokezi kinachosikia mifumo mingine ya satelaiti, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, pamoja na GPS kinafaa zaidi penye anga finyu.

Antena: hapa usifanye haraka

Satelaiti ziko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yanayofika ardhini ni dhaifu mno. Yanapita kwenye kioo cha kawaida na plastiki, lakini bati, zege na miti yenye majani mengi yenye maji huyazuia. Antena inataka kuona anga nyingi iwezekanavyo, kutoka upande hadi upande.

Adui asiyezungumzwa vya kutosha ni mwangwi. Mawimbi yakigonga ukuta kabla ya kufika kwenye antena, yamesafiri njia ndefu zaidi, na kipokezi hudhani satelaiti iko mbali kuliko ilivyo. Mwanga huenda sentimita 30 kwa nanosekunde 1, kwa hiyo mzunguko wa mita 15 ni nanosekunde 50 za kosa. Antena ndogo za mraba hufanya kazi vizuri zikilazwa juu ya bamba la chuma, maana bamba hilo huzuia mawimbi yanayorudi kutoka chini. Zielekeze juu. Nimeona watu wakizigandisha wima kwenye kioo cha dirisha ili zipendeze, na nusu ya kile antena inachokiona ikawa ni ndani ya chumba.

Antena hai, yaani yenye kikuza mawimbi ndani yake, inahitaji umeme kupitia kebo ileile ya mawimbi, kati ya volti 3 na 5 kwa nyingi. Hakikisha moduli yako inautoa na kwamba volti zinalingana. Kebo nayo inachelewesha: kadiria nanosekunde 5 kwa kila mita kwa kebo ya kawaida. Mita 20 ni nanosekunde 100. Kwa kompyuta hiyo si kitu, ila ukitaka kuirekebisha, vipokezi vya u-blox vina sehemu ya kuingiza ucheleweshaji wa kebo.

Ukiweka antena juu ya paa, weka pia kizuia radi kwenye kebo na uunganishe na ardhi.

Kuunganisha nyaya

Nitatumia Raspberry Pi kama mfano kwa sababu pini zake zinafikika. Zima kompyuta kabisa kwanza. Umeme wa moduli, volti 3.3, unatoka pini 1, na ardhi ni pini 6. TX ya moduli, yaani pini yake ya kutuma, inaenda pini 10, ambayo ni ya kupokea. RX ya moduli, ya kupokea, inaenda pini 8. PPS inaenda pini 12, inayoitwa GPIO 18.

Pini za Pi zinavumilia volti 3.3 tu. Moduli inayotoa mpigo wa volti 5 itaua pini hiyo, na pengine kompyuta yenyewe. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha, usikisie.

Kwenye kompyuta ya mezani yenye lango halisi la siriali, mpigo huingia kwenye pini 1 ya soketi ya pini tisa, inayoitwa DCD. Moduli ndogo haziwezi kuunganishwa hapo moja kwa moja. Zinahitaji kibadilishi cha volti kama MAX3232. Kibadilishi hicho kinageuza mpigo juu chini, na huko ndiko unakozaliwa utata wa ncha ya mpigo nitakaoueleza mbele kidogo.

Kuufikisha mpigo kwenye kerneli

Kazi ya kugonga muhuri wa saa kwenye mpigo lazima ifanywe na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, papo hapo. Linux na FreeBSD zina mfumo huo tayari, unaofuata hati ya RFC 2783. Usifanye haya ndani ya mashine pepe. Saa yake hutegemea huruma ya mashine mama.

Kwenye Pi, fungua `/boot/firmware/config.txt` (matoleo ya zamani ni `/boot/config.txt`) na uongeze:

```
enable_uart=1
dtoverlay=disable-bt
dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18
```

Mstari wa pili unazima Bluetooth, kwa sababu katika Pi nyingi Bluetooth imechukua lango bora la siriali na kukuachia lile ambalo mwendo wake unategemea saa ya chipu ya picha. Ingia pia kwenye `raspi-config` uzime kuingia kwa terminali kupitia siriali, vinginevyo mfumo na kipokezi vitakuwa vikiandikiana ujinga. Washa upya, kisha weka gpsd (programu inayosoma kipokezi) na chrony (programu ya NTP inayorekebisha saa), na ujaribu mpigo:

```
sudo apt install pps-tools gpsd gpsd-clients chrony
sudo ppstest /dev/pps0
```

Kipokezi kikishapata satelaiti, utaona mstari mmoja kila sekunde:

```
source 0 - assert 1735689601.000003127, sequence: 214 - clear 0.000000000, sequence: 0
```

Tazama tarakimu baada ya nukta. Kabla saa haijasawazishwa zinaweza kuwa chochote, mfano .4381, lakini lazima zikae karibu palepale sekunde hadi sekunde, zikisogea polepole. Zikiruka ovyo, kuna waya umelegea au unapokea kelele. Usipoona chochote kabisa, usikimbilie kuchomoa nyaya: vipokezi vingi havitoi mpigo mpaka vipate mahali vilipo, na kwa mara ya kwanza hilo laweza kuchukua dakika kadhaa. Endesha `cgps -s` uone kama satelaiti zinaonekana.

gpsd na chrony

Kwenye `/etc/default/gpsd` weka:

```
DEVICES="/dev/ttyAMA0"
GPSD_OPTIONS="-n -b"
```

Alama ya `-n` inaiambia gpsd isome kipokezi hata kama hakuna programu iliyoiomba. Ukiisahau, kila kitu kitafanya kazi ukiwa umefungua `cgps`, na kitakufa mara tu ukiifunga. Ni hitilafu inayowasumbua wengi kwa sababu inajificha kila unapoitafuta. `-b` inaizuia gpsd kubadilisha mipangilio ya kipokezi.

Kwenye `/etc/chrony/chrony.conf`, acha seva za mtandao zilizopo na uongeze:

```
refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.0 precision 1e-3 poll 3 noselect
refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid PPS poll 3
```

Mstari wa kwanza, wa SHM, ni maneno yanayotoka gpsd, wa pili ni mpigo. `noselect` inakataza chrony kuifuata saa ya maneno. Inaitumia kuhesabia sekunde tu. `lock NMEA` ndiyo inayofunga mpigo kwenye namba hizo.

Sasa pima ucheleweshaji wa maneno. Anzisha upya gpsd na chrony, subiri nusu saa, kisha toa amri `chronyc sources`. Tuseme mstari wa NMEA unaonyesha +135ms. Alama ya kujumlisha hapo inamaanisha saa ya kompyuta imetangulia chanzo, yaani maneno yanafika yamechelewa milisekunde 135. Rudi kwenye faili uandike `offset 0.135`. Haihitaji kuwa kamili. Inahitaji kuwa mbali na nusu sekunde ili mtikisiko wa kawaida usivuke mpaka.

Kama mtandao upo wakati wote, kuna njia fupi ninayoipenda: futa mstari wa SHM na neno `lock NMEA`, na chrony itahesabu sekunde kwa kutumia seva za mtandao, ambazo ni sahihi kuliko maneno ya kipokezi. gpsd haihitajiki tena. Ila siku mashine itakapowaka bila mtandao, mpigo utakuwepo na hakuna wa kuupa namba. Kwa kituo cha mbali, baki na NMEA.

Kusoma matokeo

```
MS Name/IP address  Stratum Poll Reach LastRx Last sample
#? NMEA                  0   3   377     8   +2103us[+2103us] +/-  201ms
#* PPS                   0   3   377     9    -412ns[ -530ns] +/-  640ns
^- seva-ya-mtandao       2   6   377    31   +1284us[+1284us] +/-   14ms
```

Alama ya # ni saa iliyounganishwa kwenye mashine, na nyota ni chanzo kinachofuatwa. Unataka nyota iwe kwenye PPS. Safu ya Reach ni namba ya mfumo wa nane: 377 inamaanisha majaribio manane ya mwisho yote yalifaulu. Chochote kilicho chini ya hapo kwenye mpigo, baada ya mashine kutulia, ni dalili ya kufuatilia.

Ukiona `x` kwenye PPS, chrony imeamua chanzo hicho ni cha uongo. Mara nyingi tofauti itakuwa karibu milisekunde 100 kamili. Hiyo ndiyo ncha ya mpigo: mpigo wa u-blox kwa kawaida hudumu milisekunde 100, na wewe unasoma unaposhuka badala ya unapopanda. Andika `refclock PPS /dev/pps0:clear` kama kibadilishi chako kimegeuza mpigo. Kosa la sekunde nzima kwenye PPS ni tatizo la offset ya NMEA.

Baada ya siku moja, `chronyc tracking` itakuonyesha kwamba kinachobaki kuyumba ni fuwele ya kompyuta yenyewe, na inayumba pamoja na joto. Usiweke mashine penye upepo wa feni au jua la dirishani. Kuikalisha prosesa kwenye mwendo mmoja, kwa mpangilio wa `performance`, kunapunguza mtikisiko pia. Wenye kutaka kubana zaidi huongeza `nohz=off` kwenye mstari wa kuwashia kerneli; kwa matumizi mengi haina ulazima.

Mambo mawili ya kurekebisha ndani ya kipokezi yanalipa haraka. Weka hali ya kukaa mahali pamoja, ambayo katika u-blox ni dynModel namba 2, ili kipokezi kisijidhanie kiko garini. Na punguza mistari ya NMEA ibaki RMC peke yake (ule wa $GPRMC), au RMC na ZDA, mstari wa saa na tarehe. Ucheleweshaji wa maneno utatulia mara moja.

Mitego ya tarehe

Saa ya GPS si UTC. Ilianza kuhesabu tarehe 6 Januari 1980 na haijawahi kupokea sekunde ya nyongeza, ile inayoongezwa kwenye UTC mara chache ili iende sawa na mzunguko wa dunia, kwa hiyo tangu 1 Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Satelaiti hutangaza tofauti hiyo, lakini ujumbe kamili wa urambazaji huchukua dakika 12.5 kuzunguka. Kipokezi kilichowashwa kikiwa hakina kumbukumbu kinatumia namba iliyowekwa kiwandani mpaka kisikie mpya, na kama programu yake ya ndani ni ya zamani, kwa dakika hizo kitakupa saa iliyokosea sekunde mbili au tatu huku kikidai kila kitu ni halali. Betri ndogo ya akiba kwenye moduli inaondoa usumbufu huu, kwa hiyo angalia kama ipo na kama bado ina chaji.

NMEA haitangazi sekunde ya nyongeza inayokuja. Iambie chrony ilipo orodha: `leapsectz right/UTC`, au katika matoleo kuanzia 4.6, `leapseclist /usr/share/zoneinfo/leap-seconds.list`.

Mtego mwingine ni namba ya wiki. Katika ujumbe wa asili wa GPS ina biti 10, kwa hiyo hurudi sifuri kila wiki 1024. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kipokezi hukisia kiko katika duru ipi kwa kuangalia tarehe ya programu yake ya ndani, na kikizeeka kinakuletea tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita. Hata programu ya kompyuta inaweza kuanguka hapo: gpsd kuanzia toleo 3.20 hadi 3.22 ilikuwa na kosa ambalo tarehe 24 Oktoba 2021 lingerudisha saa hadi Machi 2002. Toleo 3.23 lilirekebisha. Ukinunua kipokezi kilichotumika, jambo la kwanza kusoma ni mwaka.

Weka mashahidi

Usiifanye GPS kuwa chanzo pekee. Tarehe 26 Januari 2016, satelaiti ya zamani, SVN 23, ilipoondolewa kazini, data yenye kosa iliingia kwenye satelaiti kadhaa, na tofauti iliyotangazwa kati ya GPS na UTC ikakosewa kwa takriban mikrosekunde 13 kwa saa kadhaa. Mifumo ya mawasiliano sehemu mbalimbali duniani ilipiga kengele za hitilafu. Kosa dogo kama hilo mtandao usingeweza kuliona, lakini kipokezi cha pili cha mfumo tofauti, mathalani kinachosikiliza Galileo pekee, kingeliona. Makosa makubwa zaidi, kama mawimbi ya uongo yanayotumwa makusudi au kipokezi kilichorudi miaka 20 nyuma, seva nne za NTP zinatosha kuyakamata, kwa sababu chrony hulinganisha na kukataa anayepingana na wengi.

Kuna pia vifaa vidogo vya kuzuia mawimbi ya GPS ambavyo baadhi ya watu huweka kwenye magari. Likipita gari moja, kipokezi kinaziba kwa dakika chache. chrony inakumbuka mwendo wa fuwele na inaendelea yenyewe: ikiwa imebaki na kosa la sehemu 0.1 kwa milioni, saa itapotea mikrosekunde 360 kwa saa nzima ya ukimya. Kama huwezi kuvumilia hivyo, unahitaji saa ya GPS yenye fuwele iliyowekwa ndani ya tanuri dogo, kifaa kinachojulikana kama GPSDO, na mpigo wake unaingia kwenye pini ileile uliyokwisha kuunganisha.

Kuwagawia wengine

Mashine yako sasa ni seva ya daraja la kwanza, yaani iliyounganishwa moja kwa moja na chanzo cha saa. Ruhusu mtandao wako wa ndani tu, kwa mstari huu:

```
allow 192.168.1.0/24
```

Kwenye kila mashine nyingine inayotumia chrony:

```
server 192.168.1.10 iburst minpoll 4 maxpoll 6 xleave
```

Neno `xleave` linaifanya seva itume, pamoja na jibu linalofuata, muda halisi ambao jibu lililotangulia liliondoka, na hilo hupunguza kosa la foleni ndani ya seva. Unganisha seva kwa kebo. Wi-Fi inarudisha milisekunde zote ulizohangaika kuziondoa. Pi 3 na zilizotangulia hupitisha kebo ya mtandao ndani ya USB, ilhali Pi 4 ina njia yake yenyewe, kwa hiyo kwa kazi hii chukua Pi 4 au iliyo mpya zaidi. Ukitaka kugonga muhuri kwenye kadi ya mtandao badala ya kwenye programu, ongeza `hwtimestamp *` kwa seva na kwa wateja ambao kadi zao zinakubali. Intel i210 ni moja inayokubali, na amri ya `ethtool -T eth0` itakuambia kuhusu yako.